Kibao cha Shauri Yako

Alhamisi ya kwanza mkeka ulipokaa mtupu, Halimo hakuamini. Alikuwa ameutandika barazani kama kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, chai ya maziwa imo kwenye chupa, vikombe viko juu ya sinia vimefunikwa kitambaa kwa sababu ya nzi. Alikaa akiangalia njia. Aliposikia nyayo alijinyoosha, akavuta shungi vizuri, akaweka uso wa kupokea mtu mwenye taabu. Akaingia mbuzi wa jirani, akanusa mkeka, akatoka.

"Hata wewe," Halimo akamwambia yule mbuzi.

Halimo binti Kahin alizaliwa Isiolo, na baba yake vilevile. Babu yake ndiye aliyefika pale akiwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, akapewa ruhusa ya kukaa vita vya Wajerumani vilipokwisha. Mume wake Shuriye alikuwa na lori la kwenda Moyale, na nyumbani alionekana kama mgeni, siku mbili akiwepo na siku kumi hayupo. Mtoto wao mmoja, Abdinur, alikuwa ameshaoa na kuhamia Garissa. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi, na moyo wa Halimo nao ulikuwa na nafasi, na hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza bila yeye kuipanga.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Akina mama wengi walikuwa wameingia mjini kutoka porini bila mume, bila ng'ombe, bila kitu. Mmoja alikuja kukaa kwenye baraza la Halimo kwa sababu ya kivuli tu. Halimo akampa maji. Alipomaliza kunywa akamuuliza, "Una nini, dada?" Yule mama akaongea mpaka alasiri. Kesho yake Halimo akamshika mkono wakaenda kwa chifu. Wiki iliyofuata yule mama akaja na mwenzake, na mwenzake akaja na wengine. Mwanamke aliyeachwa, mwanamke ambaye shemeji wamemchukulia mbuzi, mwanamke anayetaka kuuza maziwa na haogopi kazi ila anaogopa soko, wote walipita pale. Halimo aliwasikiliza kwa Kisomali, kwa Kiborana, kwa Kiswahili, na kwa Kiturkana cha kuombea maji na kupoza hasira. Hakuwa na ofisi wala jina la kazi. Watu walisema tu, "Nenda kwa Mama Abdinur," na aliyetumwa alifika.

Kitu kimoja hakuwa nacho, nacho ni kusoma maandishi ya serikali. Kurani aliisoma, alisomeshwa chuoni tangu mdogo, lakini zile herufi nyingine zilikuwa mbele yake kama alama za ndege kwenye mchanga. Ikija barua, aliisoma Kinsi. Kinsi alikuwa binti ya kaka yake, msichana aliyefika darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri na mdomo usiolala. Kila Alhamisi alikaa pembeni ya mkeka na kalamu, na Halimo alimwona kama mkono wake wa kulia.

Halafu mwaka wa sabini na tisa akaja Gacheri.

Gacheri alikuwa Mmeru, mke wa Muiruri, karani wa ofisi ya kilimo. Alikuwa na sweta ya bluu aliyovaa hata kwa lile jua la Isiolo, na sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kanisa lao lilikuwa limempeleka kusomea mambo ya kuwasaidia akina mama, miezi mitatu mizima. Alipofika hakukaa akingoja mtu aje kutafuta kivuli. Wiki ya pili tu alisimamisha kibao kando ya barabara. Kilikuwa cha bluu, herufi nyeupe, maneno machache yenye nafasi kati yake: AKINA MAMA KARIBUNI. TUNASIKILIZA. JUMANNE NA ALHAMISI. Chini yake palichorwa birika la chai linalomimina kwenye kikombe, ili hata asiyejua kusoma ajue mlango ni huo.

Halimo alisomewa kibao hicho na muuza sukari. Neno lililomchoma lilikuwa moja.

"Alhamisi?" aliuliza. "Umesoma vizuri?"

"Alhamisi, Mama Abdinur. Na Jumanne."

"Mungu ameumba siku saba," Halimo akasema, "na yeye ameona hiyo yangu."

Tangu siku hiyo alianza kupata haja nyingi za kupita barabara ile. Alikwenda kununua chumvi akiwa na chumvi. Alikwenda kumjulia hali mgonjwa aliyepona zamani. Kila akipita kwa Gacheri aligeuza shingo kidogo tu, kama mtu anayeangalia mvua, akahesabu viatu vilivyoachwa mlangoni. Jozi kumi na moja. Kumi na nne. Akaanza kuvitambua. Yale malapa ya kijani yenye waya ni ya mama aliyelia kwenye mkeka wake mwezi mzima. Vile vya ngozi ya ngamia ni vya mjane aliyempeleka yeye mwenyewe hospitali.

Alhamisi ile ya mbuzi, alipokunja mkeka, alipita tena. Katikati ya vile viatu aliona ndala mbili nyekundu zenye ua la plastiki. Hakuhitaji kuuliza ni za nani. Alizinunua yeye, za Idi.

Jioni Kinsi alikuja nyumbani kumsalimia kama kawaida, na Halimo hakuitikia salamu mpaka ya pili.

"Edo, umekasirika," Kinsi akasema. Edo ndiyo shangazi kwa Wasomali.

"Mimi nikasirike kwa nini? Kwani kuna kitu?"

"Edo, sikukuacha. Mama Gacheri aliniomba nimsaidie kuandika. Kule kuna daftari, kila mtu akija anaandikwa jina na shida yake, asisahauliwe. Hapa wewe watu wote unawabeba kwa kichwa."

"Na hiki kichwa kimewahi kumwaga mtu?"

Kinsi akacheka kidogo, akaacha alipoona shangazi yake hacheki.

"Chai yake ikoje?" Halimo akauliza.

"Edo!"

"Nauliza tu. Anatia tangawizi?"

"Hatii."

"Haya," Halimo akasema, na moyo wake ukapata raha ndogo ya aibu, raha ya mtu aliyemwona adui amekanyaga matope.

Alisali sana siku hizo. Alimwomba Mwenyezi Mungu amwondolee husuda, na akiwa bado kwenye msala sikio lake lilikuwa barabarani likisikiliza kama kuna anayeelekea kule. Alijua vizuri anachokitaka. Hakutaka mali, hakutaka sifa za wakubwa. Alitaka mkeka wake ujae. Bila wale akina mama alikuwa nani? Mke wa dereva asiyekuwepo, mama wa mtoto aliyehama. Mkeka ukibaki mtupu, na yeye ni mtupu.

Alhamisi ya pili hakuja mtu pia. Karibu na alasiri akatokea mwanamke mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, anatembea akisoma nyumba kwa macho. Moyo wa Halimo ukaruka. Akasimama kabisa.

Yule mwanamke akamsalimia kwa Kiborana. Alisema anaitwa Dima, ametoka Kulamawe, binti yake amelazwa hospitali na yeye haelewi anaambiwa nini. Watu wa stejini wamemwambia atafute nyumba yenye picha ya birika, huko husaidiwa. Nyumba ya birika ni ipi?

Halimo alikuwa tayari ameshaandaa mahali pa kumkalisha. Aliposikia birika, ile raha yote ikageuka moto. Kiborana alikijua kama mtu aliyenyonya nacho, lakini alijibu kwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua.

"Sijui mimi. Shauri yako."

Huku bara hakuna asiyejua maneno hayo mawili. Anayajua mtoto, anayajua mgeni wa jana. Maana yake ni kwamba ukianguka, anguka, mimi simo. Dima aliuma pembe ya shungi lake, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Halimo alitulia kwa muda wa kuosha kikombe kimoja. Kisha akaenda kusali alasiri, akasahau ni rakaa ngapi amesali, akaanza upya, akasahau tena. Alipomaliza hakusema, "Nimekosa." Alisema, "Yote haya ni kwa sababu ya kile kibao." Akavaa viatu akaenda kwa Lobokat.

Lobokat alikuwa fundi wa rangi, Mturkana mrefu mwenye doa la rangi kwenye sikio ambalo halikutoka miaka yote. Nusu ya malori yaliyopita Isiolo yalibeba maneno yake nyuma. Alimkuta amechuchumaa akiandika jina la duka.

"Salaam aleikum, Lobokat. Nataka kibao. Kikubwa kuliko kile cha bluu."

"Aleikum salaam, mama. Kile cha birika? Ile ni kazi yangu," Lobokat akasema kwa majivuno. "Umeona ule mvuke?"

"Sikuona mvuke. Nataka kikubwa. Na uandike maneno nitakayokupa, yote."

Akaanza kumpa. Alisema iandikwe Halimo binti Kahin. Kahin ni mtoto wa askari wa keya, hiyo nayo iandikwe, watu wajue yeye si wa kuja jana. Iandikwe kwamba ni mke wa Shuriye mwenye lori. Iandikwe kwamba anasaidia wajane, walioachwa, wenye watoto wagonjwa, wenye bwana mkali na wasio na bwana. Halafu sauti yake ikalainika, maana sasa alikuwa anasema neno ambalo amelisema kwenye mkeka miaka minane, neno lililowafanya akina mama wafungue roho. Kwa kila aliyekuja akilia alimwambia, "Shauri yako ni shauri yangu." Taabu yako ni taabu yangu pia.

"Hilo ndilo kubwa," alisema. "Liandike kwa rangi nyekundu."

Lobokat akakuna sikio lenye doa. "Mama, hii maneno haiwezi kaa kwa kibao moja. Mama Gacheri alikuja na maneno kama yako, karibu mkono mzima wa karatasi. Nikamwambia, mtu wa barabara anatembea, hasimami. Akaenda akakata, akarudi, akakata tena. Mara tatu."

"Yeye hana la kusema, ndiyo maana amekata. Mimi ninalo."

"Tutoe babu."

"Babu hatoki."

"Basi bwana ya lori?"

"Shuriye akirudi akute ametolewa? Hatoki mtu, Lobokat. Wewe ni fundi, tafuta nafasi."

Lobokat akatafuta nafasi. Jumapili asubuhi akaleta kibao kwa mkokoteni, wakakisimika pale njia ya Halimo inapokutana na barabara. Kilikuwa kikubwa kweli, cha bati lililonyooshwa kutoka kwenye pipa, rangi ya manjano, nyekundu na nyeusi, herufi zimebanana kama mbuzi kwenye josho. Lobokat akarudi nyuma hatua tano.

"Soma, mama, uone kama iko sawa."

Halimo alitazama. Angeweza kumwita Kinsi, nyumba zao zilitenganishwa na ua tu. Lakini Kinsi alikuwa mtu wa birika sasa, na kumwomba amsomee kibao cha kushindana na kibao kile, hapana. Akainua kidevu akapitisha macho kwenye mistari polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa chuoni.

Lobokat aliyaona yale macho yakienda kinyume. Akataka kusema neno, akaona uso wa mama umejaa fahari, akameza.

"Iko sawa," Halimo akasema.

"Maneno yalijaa mbele," Lobokat akasema taratibu. "Zile za mwisho nimeweka upande wa nyuma. Watu wanatoka pande zote, si ndiyo?"

"Vizuri sana. Wasome mbele na nyuma."

Siku hiyo hiyo watu wakaanza kusimama. Walisimama wenye punda wa maji, walisimama wanawake wa mboga, mpaka askari wa kambini waliokuwa wakipita walisimama wakaelekezana kwa vidole. Na kila aliyesimama alicheka. Halimo aliwaona kutoka barazani akajisemea, tazama furaha ya watu, mimi nilichelewa. Jumatatu walikuja wengi zaidi kutazama. Aliwapungia mkono, nao wakampungia huku wamejishika mbavu. Jumanne dereva mmoja alipiga honi akatoa kichwa nje, akapiga kelele, "Mama, na yako pia!" Halimo hakuelewa, akasema, "Amina."

Lakini barazani hakuingia mtu.

Jumatano asubuhi Kinsi akaja mbio. Macho yalikuwa mekundu, na Halimo hakujua kama ni kilio au kicheko, kumbe yalikuwa yote mawili.

"Edo, nani amekusomea kile kibao?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Edo."

Halimo akachukua ufagio, akaanza kufagia baraza.

"Njoo," Kinsi akasema, akamshika mkono kama yule mama wa kwanza alivyoshikwa mkono kwenda kwa chifu, akamsimamisha mbele ya lile bati. Akaweka kidole juu ya herufi nyeusi. "Hapa ni jina lako. Hapa ni babu. Hapa ni bwana wako Shuriye na lori, ndogo sana, mtu akae chini ndio aone. Na hii nyekundu, ambayo unaiona kutoka sokoni, unajua inasema nini? Inasema SHAURI YAKO. Basi. Imeishia hapo."

"Na lile lingine, lile la ni shauri yangu?"

"Liko nyuma. Na nyuma kuna mti wa mgunga."

Halimo aliangalia zile herufi nyekundu. Kwa mara ya kwanza zilikuwa zinasema naye. Hakuona kicheko cha watu. Aliona pembe ya shungi imeumwa kwa meno. Alikuwa ameyasema maneno hayo Alhamisi, kwa mdomo wake, mtu mmoja tu akiwa anasikia. Na sasa yamesimamishwa barabarani, mekundu, na jina lake juu. Akashika nguzo ya kibao.

"Edo, sikukuja kwa sababu ya kibao tu," Kinsi akasema. "Nimetumwa. Kuna mama Mborana alikuja jana kwa Mama Gacheri. Amezunguka mji siku tano. Ameongea saa nzima analia, na Mama Gacheri akalia naye, lakini hatukusikia hata neno. Mimi Kiborana changu ni cha kununua maziwa. Nikasema, Edo anajua. Mama Gacheri akasema nikuite jana hiyo hiyo, nikaogopa."

Hapa lazima isemwe kweli. Jambo la kwanza lililopita moyoni mwa Halimo lilikuwa furaha. Wameandika wanasikiliza, na hawasikii! Birika limeshindwa! Furaha hiyo ilikuja yenyewe, haraka, kabla hajaweza kuifungia mlango. Ndipo akaelewa Kinsi anamzungumzia nani.

"Ametoka Kulamawe?" akauliza.

"Umejuaje?"

Halimo alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea hospitali, na Kinsi alilazimika kukimbia ili amfikie.

Walimkuta Gacheri amekaa kwenye sakafu ya wadi, sweta ya bluu ameivua na kumfunika nayo msichana wa miaka kama tisa, paja limevimba. Alikuwa anampepea na kipande cha karatasi. Aliposikia wanaingia akasimama, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Habari, Mama Abdinur. Asante kwa kuja. Mimi nimeshindwa."

Lilikuwa neno ambalo Halimo alilitamani wiki nyingi, na sasa lilipokuja halikuwa na utamu wowote. Nyuma ya Gacheri, Dima alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Alimtazama Halimo, akamtambua. Kwa Kiswahili chake chote alichokuwa nacho, bila ukali, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazimwa, alisema, "Shauri yako."

Gacheri akamwangalia Halimo, akamwangalia Dima, asielewe. Kinsi akaelewa, akashika mdomo.

Halimo akapiga magoti pale sakafuni mbele ya Dima. Kwa Kiborana akasema, "Hapana, dada. Ni shauri yangu. Nilikukosea kwa sababu ya wivu. Nilitaka uje kwangu, na ulipokuja kwangu nikakufukuza. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi niambie tu, mtoto ana nini?"

Maneno yakamtoka Dima kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Mguu ulivunjika, ukaunga vibaya. Watu wa hospitali wamemletea karatasi aweke kidole. Katika maneno yote waliyomwambia alishika mawili tu, mguu na kisu. Wanataka kumkata mtoto mguu. Amekataa. Kesho gari linataka kumchukua mtoto, na yeye amepanga kumbeba mgongoni leo kabla halijafika, warudi Kulamawe kwa miguu.

Halimo akamtafuta muuguzi, akauliza, akarudi. Akamweleza taratibu, akitumia kijiti na kitambaa. Mguu haukatwi. Mfupa umekaa kombo, wanafungua nyama wanaunyoosha, wanafunga. Gari linakwenda hospitali kubwa zaidi, na mama anaruhusiwa kupanda. Mtoto atarudi na miguu miwili.

"Miwili?" Dima akauliza.

"Miwili."

"Utakuja na sisi?"

"Nitakuja."

Dima akatoa kidole gumba.

Jioni ile Halimo, Gacheri na Kinsi hawakuachana mpaka sala ya isha ilipokaribia. Njiani Gacheri alisema, "Mama Abdinur, mimi nilifika hapa nikasikia jina lako kila mahali. Kwa Mama Abdinur, kwa Mama Abdinur. Nikajua bila kibao hakuna mtu atanijua. Nilikuonea wivu, ukweli nikuambie."

Halimo akasimama. "Wewe? Unionee mimi?"

"Hata ile siku niliichagua kwa sababu ni yako. Nilifikiri watapita kwangu kwanza." Akacheka ile sauti yake ya chini. "Nimeungama kanisani, lakini sijakuambia wewe."

Halimo hakujua acheke au akasirike. Akasema, "Tangawizi. Tia tangawizi kwenye chai yako. Watu wa hapa wanaipenda."

Alikaa na Dima na mtoto siku kumi na tatu huko walikopelekwa. Aliporudi alimwita Lobokat. Wakakaa wote chini ya kibao, Halimo, Kinsi, Gacheri na fundi, wakaanza kukata maneno. Babu alitoka, Halimo akiuma midomo. Shuriye alitoka na lori lake. Wajane na walioachwa walitoka, maana anayekuja mwenyewe anajua kilichomleta. Mahali pa hayo yote vikawekwa vitu vitatu tu: jina la Mama Abdinur, siku ya Jumatano, katikati ya siku mbili za Gacheri, na picha ya mkeka.

"Na ile nyekundu?" Lobokat akauliza, brashi mkononi.

"Paka juu yake," Halimo akasema. "Mara mbili."

Akapaka mara mbili. Lakini rangi ya manjano ilikuwa nyepesi, na jua la Isiolo halina huruma. Mwaka ulipokwisha, ukisimama vizuri uliona wekundu unatokea chini ya mkeka, kama kovu. Na hata kama usingetokea, mji ulikuwa umeshashika. Mpaka mwaka wa themanini na sita, matingo wa malori ya Kinna na Kulamawe walikuwa wakipiga bati na kuita, "Shauri Yako! Wa Shauri Yako ashuke!" na akina mama walishuka na watoto mgongoni, wakauliza njia, wakaonyeshwa. Wasichana walioolewa mbali waliandika kwenye barua zao, nisalimieni watu wa Shauri Yako. Hakuna aliyesikia tena ubaya ndani yake.

Dima alikuwa akija kila mara mvua zikinyesha, na siagi kwenye kibuyu, na binti yake anayetembea akichechemea kidogo sana.

"Mimi nilisumbuka na birika," Gacheri alisema siku moja, akiwa amekuja kuazima vikombe, "na wewe ukapata jina la steji nzima."

"Ni Mungu tu," Halimo akasema, akiinamisha macho. Lakini moyoni alifurahi sana, akafurahi kuliko inavyofaa, na baadaye kwenye msala alilazimika kuitaja furaha hiyo na kuiombea msamaha. Kisha alipokuwa anarudi kutoka sokoni akapita kwa Gacheri, akageuza shingo kidogo tu, kama mtu anayeangalia mvua, akahesabu viatu. Vilikuwa tisa. Kwake Jumatano vilikuwa kumi na mbili.

"Astaghafirullahi," Halimo akasema, akaongeza mwendo.